Kero za mtaani na serikali ya Jiji la Tanga: maswali ninayoulizwa kila siku kibandani

Mi nachapa barua, natoa kopi na kupiga picha za pasipoti, kibanda kipo Ngamiani. Kuna siku watu wanaokuja na kero ya mtaro au bomba wanakua wengi kuliko wanaokuja na sivii, na maswali ni yaleyale, nimeyajibu mpaka sauti inakauka. Bas nimeyaandika, ukija nakutumia hii kwenye simu kisha ndo tuchape. Mi sio mwanasheria wala sifanyi kazi Jiji, ila barua zinazojibiwa na zisizojibiwa zote zimepita kwenye printa yangu.

## Ya mwanzo kabisa

1. Nina kero, naanzia wapi?

Anzia mtaani kwako. Kila mtaa una mwenyekiti aliechaguliwa (hawa wa sasa wametokana na uchaguzi wa 27 Novemba 2024) na mtendaji ambae ni mwajiriwa. Juu ya mtaa kuna kata, kata ina mtendaji wake na diwani, juu ya kata ndo Halmashauri ya Jiji yenye Mkurugenzi na Meya.

Watu wengi wakikasirika wanaruka moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya, alafu swali la kwanza wanaloulizwa kule ni "mmeshapita kwenye mtaa na kata?" na barua inarudishwa chini, umeshapoteza wiki mbili na nauli ya bajaji.

Ila usilichukue hili kichwakichwa. Nguzo ya umeme imeanguka, bomba limepasuka maji yanaingia ndani, nyumba inaungua, hapo hamna cha mwenyekiti, unapiga simu kwa wahusika sasa hivi. Zimamoto ni 114.

2. Mwenyekiti, mtendaji, diwani... nimpe nani barua?

Mwandikie mtendaji, nakala kwa mwenyekiti au diwani. Mtendaji ndo mwenye ofisi, faili na muhuri, na ndo anaulizwa na Jiji kazi imefikia wapi. Mwenyekiti anaitisha mkutano wa mtaa. Diwani yeye anabeba sauti ya kata kwenye Baraza la Madiwani, pia ndo mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji wa kata ndo katibu wa hiyo kamati. Kwaiyo kumwambia diwani msibani "mheshimiwa mtaro wetu vipi" sio vibaya, ila msibani hamna faili.

3. Mi mpangaji tu, tena nimehamia juzi. Naruhusiwa kuongea kwenye mkutano wa mtaa?

Ndio. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, sio wa wenye nyumba. Najua kuna wazee wetu wakisikia mpangaji anaongea wanaguna "ati na yeye", wasalimie shikamoo zao kwa adabu kisha sema ulilokuja kusema. Maji machafu yakipita mlangoni hayaulizi nani kapanga nani kajenga.

4. Kupeleka malalamiko kunalipiwa?

Hapana. Mimi nakudai hela ya kuchapa na kopi, ofisi haikudai kitu kupokea barua yako. Na malipo yoyote halali ya serikali siku hizi yanakuja na kontrol namba na unapata risiti, ukiambiwa "acha kidogo ya soda faili litembee" jua hiyo ni rushwa na TAKUKURU wanapatikana 113.

## Kero hii ni ya nani hasa?

Hapa ndo pana shida kubwa. Barua nyingi haziozi kwa sababu ya dharau, zinaoza kwa sababu zimekwenda mlango sio.

5. Barabara ya mtaani ina mashimo, si ni ya Jiji?

Watu wote wanadhani hivo. Tangu 2017 barabara za mitaa na za wilaya zipo chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), na barabara kuu na za mkoa, mfano ya kwenda Segera, Horohoro au Pangani, ni TANROADS (wakala wa barabara kubwa). Kwaiyo shimo lililopo ndani ya Makorora au kule barabara za namba hapa Ngamiani ni TARURA.

Bado pitia kata na umuandikie mtendaji, ila juu ya barua mtaje na Meneja wa TARURA kama mwenye nakala. Ukimuandikia Mkurugenzi wa Jiji peke yake barua itabidi itoke tena huko iende TARURA, na barua ikisafiri peke yake bila mwenyewe mara nyingi haifiki.

6. Maji hayatoki wiki ya pili, au yanatoka bili kubwa. Na chemba inafurika.

Vyote vitatu ni Tanga UWASA, maji safi na majitaka wanashika wao. Nenda na namba ya akaunti au bili ya mwisho, na kama unalalamikia bili piga picha mita siku unayokwenda ili namba zisomeke. Mtu anakuja kwangu anasema "wamenibambika", namuuliza mita inasoma ngapi, hajui, sa tutaandika nini?

Usipoelewana nao ngazi ya juu ni EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), na kuna baraza la watumiaji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kumsaidia mteja kwenye malalamiko kama hayo. Wataomba kuona ulilalamika wapi kwanza, ndo maana nakazania swali la 11.

Alafu kuna wanaoniuliza kuhusu zile hatifungani (hati za mkopo ambazo watu wananunua), mbona wamekopa mabilioni na bomba langu kavu. Ni kweli 2024 Tanga UWASA walitoa hatifungani ya kijani wakakusanya zaidi ya bilioni 53 kwa ajili ya miundombinu ya maji, kwaiyo una haki kabisa ya kuuliza kwenye barua mtaa wenu upo kwenye awamu ipi. Uliza swali, usitukane, tusi ndo litajibiwa na swali litaachwa.

7. Nguzo ya umeme imeinama kwenye njia.

TANESCO. Nguzo zina namba zimeandikwa kwenye ubao wenyewe au kwenye kibati, isome hiyo namba uwape, fundi atafika haraka kuliko ukisema "ile ya karibu na mwembe". Taa za barabarani zikizima ni habari nyingine, muulize mtendaji wa kata nani alieziweka kwenye barabara yenu kabla hujaenda kupanga foleni TANESCO bure.

8. Taka hazizolewi na mtaro umeziba.

Taka ni Jiji, tena muone bwana afya wa kata kwanza maana yeye ndo anajua gari lina ratiba gani na limekwama wapi. Mtaro una mambo mawili: mtaro wa pembeni ya barabara unakwenda na barabara (swali la 5), lakini uchafu uliojaa humo ni usafi, yani Jiji. Mvua za masika zikikaribia andikeni mapema, Machi mwanzoni. Mkingoja mpaka maji yaingie uvunguni mtaandika mkiwa mnalia na watu wote wa mji wanaandika siku hiyohiyo.

## Kuandika na kufuatilia

9. Barua inaandikwaje?

Ukurasa mmoja. Bi mkubwa mmoja wa Mabawa aliniletea kurasa tatu za daftari, kaanza na mwaka aliohamia, akapita kwa marehemu mumewe, mtaro wenyewe upo ukurasa wa tatu mstari wa nne. Nikamuomba aniambie kama anamwambia mtoto wake kwenye simu salio linaisha. Akasema, "Mfuniko wa mtaro mbele ya nyumba yangu umevunjika tangu mwezi wa kumi, mjukuu ametumbukia mara mbili, naomba mfuniko." Hio ndo ikawa barua.

Iwe na: anwani yako na tarehe, anaeandikiwa, mstari wa YAH, kero ni nini na ipo wapi hasa, tangu lini, imemuathiri nani, unaomba kifanyike nini, jina, sahihi na namba ya simu. Chini kabisa orodha ya nakala. Kwenye "ipo wapi" tumia namba ya nyumba na jina la barabara kwenye vile vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa 2022, vimewekwa vitumike. Picha mbili zinatosha, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha na kitu kinachojulikana, msikiti, duka, kona.

Ombi liwe moja. Ukiomba mtaro, taa, zahanati na uwanja wa mpira kwenye barua moja atajibu lile rahisi na kufunga faili.

10. Kwenye grupu la WhatsApp la mtaa nimeshasema, mwenyekiti kaweka dole gumba. Haitoshi?

Dole gumba sio majibu jamani. Grupu tumia kukusanya majina na picha, kisha kero iandikwe. Kama kuandika karatasi ni taabu kuna mfumo wa serikali unaitwa e-Mrejesho, unaingia mtandaoni, au kwa simu ya kitochi unaanzia *152*00# na kufuata maelekezo. Utapewa namba ya kufuatilia, iandike mahali, usiiache kwenye meseji alafu simu ikaibiwa.

11. Kwanini unanichapia nakala mbili kila mara? Si unataka hela tu?

Mia mia za kopi zangu hazinijengei ghorofa. Nakala ya kwanza inabaki ofisini, ya pili wanakupigia muhuri wa kupokelewa na tarehe unarudi nayo nyumbani. Hio karatasi yenye muhuri ndo kila kitu.

Mimi mwenyewe niliungua. Mbele ya kibanda palikua na shimo la mtaro, nikapeleka barua ofisi moja (siitaji), nakala moja tu, nikampa kijana wa mapokezi mkononi akasema "sawa kaka tutaipeleka ndani." Nimerudi baada ya mwezi, kijana kahamishwa, barua haipo, na alieingia ananiuliza, "Una uthibitisho uliileta?" Sina. Nikaanza upya kama sijawahi kufika. Tangu siku hio simpi mtu barua moja.

Wakikataa kugonga muhuri omba kwa upole jina la aliepokea na aandike tarehe kwa kalamu. Wakikataa na hilo, andika mwenyewe nyuma ya nakala: siku, saa, umemkuta nani kavaa nini. Inasaidia.

12. Nisubiri siku ngapi, na kimya kikiwa kirefu?

Kwenye barua yenyewe weka tarehe: "Naomba majibu kabla ya tarehe fulani." Mi huwa naweka wiki mbili kwa mtaa na kata. Zikipita, andika kumbusho la mistari minne, ambatanisha kopi ya ile yenye muhuri, na sasa ndo upande ngazi.

Kama unachotaka ni taarifa, mfano mtaro wenu ulitengewa shilingi ngapi au mkandarasi ni nani, itaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inawapa siku 30 za kukujibu. Nimeona barua ikipata majibu kwa ule mstari mmoja tu, mtu anajua huyu amesoma.

Baraza la Madiwani linakaa kikao cha kawaida kila robo mwaka na ni cha wazi, unaweza kwenda kukaa kusikiliza. Kuongea huruhusiwi, diwani wako ndo anaongea, kwaiyo mpe karatasi kabla ya siku, sio mlangoni.

## Wenye ulemavu, wazee, na wasioweza kufika

13. Ofisi ya umma ina ngazi tupu, mwenye kiti mwendo anaingiaje? Kuna sheria?

Ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu namba 9 ya 2010 inataka majengo na huduma za umma zifikike, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Kwaiyo usiandike "tunaomba msaada mtuonee huruma," andika "tunaomba sheria itekelezwe." Hata mkono wa anaesoma unakaa vingine.

Mteja wangu mmoja, kijana fundi simu anaetembelea kiti mwendo, alikua kila akienda ofisi fulani afisa anatoka nje wanaongelea juani, shida zake za nyumbani zinasikiwa na wauza karanga. Tukaandika. Wakajenga mteremko kweli, ila ulikua kama ukuta, ngazi nne zenye sentimita 15 kila moja, yani 60 kwenda juu, na mteremko una urefu wa mita 2! Kupanda anasukumwa na watu wawili, kushuka unasoma dua.

Mafundi wanaojua wanatumia moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. Kwaiyo zile 60 zinataka mita 7 na ushee, nafasi ikiwa ndogo unakunjwa katikati na kuwekwa sehemu bapa ya kupumzikia. Barua ya pili tuliiandika na hesabu hio ndani, vipimo alichukua mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani. Ule mteremko ulivunjwa ukajengwa upya, na sa hivi hata kina mama wenye vitoto mgongoni wanapita huko wanaacha ngazi.

Somo hapo ni kupima. "Ngazi ni ndefu" inabishaniwa, sentimita 60 haibishaniwi.

14. Mzee wetu haoni, mifuniko ya mtaro ina mapengo na fimbo inazama. Tumwambie nani?

Kwa mfuniko wenyewe angalia swali la 5 na la 8. Ila peleka na kwa Afisa Ustawi wa Jamii, maana hapo kuna mtu anaezuiliwa kutoka nyumbani, sio zege tu. Sheria ya 2010 inaweka pia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia mtaani, uliza kamati ya mtaa wenu ni nani na nani, ukiambiwa haipo hio yenyewe ni kero ya pili ya kuandika. Na hauko peke yako, kuna chama cha wasioona, TLB, na shirikisho la vyama vyote ni SHIVYAWATA.

15. Dada yangu ni kiziwi. Mkutano wa mtaa anakaa tu anaangalia midomo.

Mwandikie mtendaji siku kadhaa kabla, omba mkalimani wa lugha ya alama, nakala kwa Afisa Ustawi. CHAVITA ndo chama cha viziwi, waulize watakuelekeza wakalimani. Mkalimani akikosekana omba ajenda kwa maandishi kabla na muhtasari baadae, na dada apewe nafasi ya kutoa hoja yake kwa karatasi isomwe kwa sauti. Msimsemee. Nimeona ndugu wanasimama "yeye anasema hivi" kumbe mtu alikua anauliza kitu kingine kabisa.

16. Daladala inamuona mwenye kiti mwendo na kukanyaga mafuta.

LATRA (mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu). Chukua namba ya gari, njia, saa na kituo. Bila namba ya gari hamna kesi, kwaiyo kijana yeyote alie kituoni apige picha ya nyuma ya gari linapoondoka.

17. Ile mikopo ya Jiji, walemavu wana fungu lao?

Kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Muone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Hili ni somo refu, njoo kibandani siku ambayo hamna foleni.

## Yale magumu

18. Naogopa. Nikilalamika mtendaji atanikomoa nikitaka barua ya utambulisho.

Hofu hio ni ya kweli sikukatalii. Andikeni kwa pamoja, sahihi kumi na tano haziwezi kukomolewa zote, na mtu wa kwanza kwenye orodha awe ni yule mzee anaeheshimika asietaka kitu cha mtu. Au sahihi ziwe za duara, hapo hamna wa kwanza, wazee wa zamani walikua wanajua mambo. Barua isiyo na jina kabisa mi sikushauri, labda ni ya rushwa, hio ipeleke 113.

19. Kila ofisi inasema sio yangu.

Andika barua moja kwa wote wawili, majina yao wote juu, na ndani sema: tarehe fulani ofisi hii ilituelekeza kule, tarehe fulani kule wakaturudisha, tunaomba mkubaliane ni ya nani. Nakala Mkurugenzi wa Jiji na mkuu wa wilaya. Hapa sasa ndo mahala pa mkuu wa wilaya. Bila mihuri ya swali la 11 hii barua haina meno.

20. Wanasema hamna bajeti.

Inawezekana ni kweli. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na mipango inakusanywa kuanzia mitaani miezi mingi kabla, kwaiyo jibu lako ni: "Sawa, naomba iingie kwenye mpango wa mwaka ujao, na mnijulishe kwa maandishi imeingia." Kisha nenda kwenye mkutano wa mtaa wa kupanga vipaumbele, ule ambao huwa mnaenda watu tisa na mbuzi.

21. Jirani kajenga ukuta kwenye kichochoro, bajaji ya kumbeba mama kwenda hospitali ya Bombo haipiti.

Kwanza mwenyekiti wa mtaa, kwa mdomo, na jirani awepo. Ikishindikana andika kwa mtendaji wa kata na uombe mipango miji wa Jiji waje kuangalia ramani, kama njia ipo kwenye ramani hio sio ugomvi wenu tena, ni njia ya umma. Ila mkianza kugombania mpaka wa kiwanja umeingia mambo ya ardhi, na tangu 2021 baraza la kata linapatanisha tu halihukumu. Hapo tafuta mwanasheria, printa yangu inaishia hapo.

22. Mi nipo Dar, nyumba ya mama ipo Mwanzange, maji ya mtaro yanaingia kwake. Naweza kulalamika nikiwa huku?

Unaweza, lakini barua iwe ya mama, jina na sahihi yake, au dole gumba lake kama haandiki, lile la wino sio la WhatsApp. We tuma maneno na picha, mi nachapa, mtu wenu anakuja kuchukua nakala mbili. Namba ya simu weka ya mtu alie hapa Tanga, mafundi wakipiga wanataka mtu wa kuwafungulia geti siku hiohio, wakisikia "mimi nipo Dar ngoja nimpigie mdogo wangu" wanageuza pikipiki.